Bomba la moshi (ekzosi) la nne-kwa-moja kwenye Honda CB750 ya zamani: mlio nimeupenda, mengine tuongee

Nianze na jibu kwa wale wavivu wa kusoma. Ukitaka mlio, upo tena mtamu. Ukitaka zile nguvu za ziada zilizoandikwa kwenye boksi, sahau. Na kama unadhani ni kazi ya kufungua bolti, kufunga bolti na kuondoka, aisee jipange.

Pikipiki yenyewe ni Honda CB750, hizi za kamshafti moja (ule mhimili unaofungua valvu), zilizoanza kutoka 1969. Cc 736, silinda nne zimejipanga kwa mstari, kabureta nne za Keihin, na kiwandani ilikuwa inatoka na silensa nne, mbili kulia mbili kushoto. Ni nzuri kuangalia lakini ni nzito, zinaoza kwa ndani, na mlio wake ni wa kistaarabu sana, mtu anapita na pikipiki ya miaka hamsini hata mbwa hageuki. Ndo nikachukua hili bomba la nne-kwa-moja, yaani mabomba manne yanashuka mbele ya injini, yanakutana chini ya tumbo, yanatokea upande wa kulia na silensa moja fupi nyeusi. Jina la kampuni siliweki kwa sababu ya mambo nitakayoyasema huko chini, ila ukishaona hizi bidhaa za aina hii utagundua nyingi zinafanana tabia.

Mlio kwanza maana ndio tumeufuata. Watu wengi wanadhani nne-kwa-moja ni ile ile sauti ya zamani iliyoongezwa tu, hapana, ni sauti nyingine kabisa. Angalia hesabu: injini ikizunguka 6000 kwa dakika, kila silinda inapiga mara 50 kwa sekunde. Kwenye mfumo wa silensa nne kila bomba linatoa mapigo yake 50, unasikia kama watu wanne wanaongea kwa pamoja kila mmoja na lake. Ukiyaunganisha yote yanapita mdomo mmoja, mapigo 200 kwa sekunde yamepishana sawasawa, na hapo ndo ule mlio wa kulia kwa uchungu unapozaliwa, unapanda na resi mpaka nywele zinasimama. Chini ya 3000 ni mnguromo mzito wa kawaida tu. Kati ya 3000 na 4500 kuna ngurumo moja ya kuchosha, inagonga kifuani, nitairudia hiyo. Kuanzia 5000 kwenda juu ndio pesa yako ilipo, kiukweli hapo sina cha kulalamika.

Tuje kwenye kufunga. Bolti za shingoni, pale bomba linaposhika kichwa cha injini, ni chuma kilichokaa miaka na miaka ndani ya aluminiamu, kimepashwa moto na kupoa mara elfu. Ukiingia na spana kwa hasira inakatika, na ikikatika ndani ya kichwa ujue unaanza kutoboa na kukata nyuzi za bolti upya, kazi ambayo hata fundi mzuri anaifanya huku anaomba. Weka oili ya kulegeza kutu tangu jana yake, washa injini ipate uvuguvugu kidogo, zima, halafu fungua kidogo rudisha kidogo, fungua kidogo rudisha kidogo. Zangu zilitoka zote ila moja ilitoka inalia kama mlango wa stoo. Gasketi za shaba tupa zote weka mpya, usije ukabana na za zamani, zimeshalala hazibonyei tena, na hapo ndipo upepo unapopenyea halafu unaanza kulaumu kabureta.

Mabomba manne yenyewe yalikaa vizuri, hilo nawapa. Yameingia kila moja kwenye tundu lake bila kupigana. Shida ni breketi ya nyuma inayoshika silensa. Tundu la breketi na tundu la fremu vilikuwa vinaangaliana kwa mbali, tofauti ya karibu upana wa kidole, na kile kikaratasi cha maelekezo kimeandika tu "funga". Wengi hapa wanavuta kwa nguvu mpaka bolti inaingia. Usifanye hivyo, ukilazimisha bomba likakaa na mkazo, mtikisiko wa injini utatafuta pa kutokea na pa kutokea ni kwenye ule mshono wa kuchomelea, utapasuka tu. Mpangilio ni kuweka kila kitu kikiwa kimelegea, unabana mbele kwanza taratibu ukizunguka silinda zote, halafu unarudi nyuma unaangalia kama breketi inakutana yenyewe. Isipokutana breketi ndio ibadilishwe, sio bomba lipindwe. Yangu nilichongewa nyingine ya bati nene na fundi wa kuchomelea, imeisha hiyo. Lakini kwa bidhaa inayojisifia kuwa imetengenezwa maalum kwa CB750, kuchongesha breketi ni aibu.

Lingine hawakuandika popote: stendi ya kati. Bomba linapita pale pale stendi inapokunjwa, ukiipandisha inagonga chuma kwa chuma. Kuna wanaoing'oa kabisa na kubaki na ya pembeni. Mimi naitumia sana kwenye kulainisha cheni kwa hiyo nimeweka kipande cha mpira cha kuizuia isifike mwisho, inafanya kazi japo inaning'inia chini kidogo kuliko ninavyopenda. Na filta ya oili, ambayo kwenye hii injini iko mbele kabisa chini, sasa imefichwa nyuma ya mabomba. Inatoka bado, kwa kukunja kiwiko na kutukana kidogo, ila kabla hujanunua aina yoyote ya nne-kwa-moja uliza swali hilo moja, filta inatoka bila kushusha mabomba? Zipo ambazo haitoki, na huyo mtu kila akibadili oili anafungua zile bolti za shingoni nilizosema.

Kabla ya kuwasha futa mabomba yote kwa thina au spiriti, kila alama ya kidole. Jasho la mkono likipigwa moto linaoka pale pale, na alama haitoki tena. Moshi utakaouona mwanzoni ni oili ya kiwandani inaungua, usiogope. Kitakachokuuma ni rangi, kwa sababu mabomba ya asili ya Honda yalikuwa na kuta mbili, bomba ndani ya bomba, ndio maana kromu yake ilibaki nyeupe miaka yote. Haya mapya ni ukuta mmoja. Yakapata dhahabu, yakaja zambarau, yakaishia bluu pale karibu na kichwa. Mimi naipenda hiyo rangi lakini kama wewe ni mtu wa kung'arisha kila jumapili utaumia. Na usije ukadanganywa uyafunge na ile tepu ya joto ya kuzungushia, inashika maji ya mvua na ya kuoshea, huku juu inaonekana ya kibabe huku chini bomba linaliwa na kutu.

Haya, nguvu. Boksi linasema utaongeza nguvu "mara moja". Nilivyofunga bila kugusa kabureta pikipiki ilikuwa mbovu kuliko kabla, nasema ukweli. Ukifungua mkono wa resi kutoka chini inasita, inafikiria, halafu inaruka. Ukiachia resi kwenye mteremko inapiga baruti nyuma pa pa pa, vijana wanashangilia, wewe unajua kuna tatizo. Maana yake ni kwamba moshi sasa unatoka kirahisi, hewa inaingia nyingi, petroli imebaki ile ile, mchanganyiko umekuwa mkavu. Nikatoa plagi, ncha nyeupe kama chaki. Ikiwa sawa inatakiwa iwe rangi ya kahawia iliyopauka, ikiwa nyeusi ya masizi basi petroli imezidi. Mchanganyiko mkavu sio mambo ya kuchezea kwenye injini inayopozwa kwa upepo, ndio inavyopata joto mpaka valvu na pistoni zinaungua.

Kwa hiyo jeti kubwa, vile vitundu vinavyopitisha petroli, ilibidi ziwekwe za saizi kubwa zaidi, kwenye kabureta zote nne, halafu sindano ya ndani inayopima petroli ikainuliwa kijino kimoja, halafu kabureta zikalinganishwa upya kwa geji za upepo ili zote zivute sawa. Mtu anayekwambia ekzosi ni kubadili na kuondoka hajawahi kuwa na kabureta nne. Ea klina, yaani filta ya hewa, nimeacha ya asili kwenye boksi lake, na nakushauri uiache, maana ukiweka zile filta ndogo za kuchomeka kila kabureta na yake pamoja na bomba jipya umebadili vitu viwili kwa wakati mmoja na hutajua kipi kinakusumbua. Na kabla hujagusa jeti yoyote hakikisha shingoni hakuvuji, kwa sababu hewa ikinyonywa pale nayo inaleta ile baruti ya kwenye mteremko na utakimbizana na kabureta bure.

Baada ya hapo? Juu ya 6000 inavuta kwa uchangamfu, nasikia na nauona. Kati ya 3000 na 4500, pale ilipo ile ngurumo ya kuchosha, imepoteza kidogo ilichokuwa nacho. Sio uchawi. Mlango wa valvu ukifunguka, wimbi la mgandamizo linakimbia bombani, likifika mahali bomba linapotanuka linarudi kama wimbi la mvuto, likirudi kwa wakati wake linasaidia kunyonya moshi uliobaki kwenye silinda, likirudi vibaya linausukuma tena ndani. Urefu wa bomba ndio unaamua ni kwenye resi gani utasaidiwa na resi gani utaadhibiwa. Ile habari ya "injini inahitaji bomba limbane" watu wanaisema vibaya, injini haihitaji kubanwa, inahitaji mawimbi yarudi kwa wakati. Ndio maana wanaong'oa silensa kabisa wakabaki na bomba tupu wanapata kelele nyingi na pikipiki iliyolegea katikati. Hideo Yoshimura, yule fundi mzee wa Kijapani aliyeitwa Pops, alijijengea jina mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa nne-kwa-moja za CB750 zilizopigiwa hesabu kwa ajili ya mashindano, injini inayoishi juu muda wote. Na wala sio lazima iwe moja, ile Honda aliyoshinda nayo mwendesha mashindano Dick Mann pale Daytona, Marekani, 1970 ilikuwa na megafoni nne, yaani mabomba manne yanayopanuka kama tarumbeta. Wewe unayekaa kwenye 3500 unafuata lori huishi huko juu.

Faida isiyo na ubishi ni uzito. Silensa nne na mabomba yake ukizibeba kwa mikono halafu ukabeba hili moja utacheka. Pikipiki inalala kwenye kona kirahisi zaidi, na kuisukuma ikiwa imezimwa unahisi tofauti.

Kelele sasa, kama kelele. Silensa imekuja na bafli ya kuchomoa, kile kibomba cha matundu cha ndani kinachoshikwa na bolti moja. Nimejaribu bila bafli. Kwa kona moja inafurahisha, kwa safari ni mateso, unashuka masikio yanapiga filimbi. Kumbuka desibeli hazijumlishwi kama machungwa, zikipanda 3 tu nguvu ya sauti imeshakuwa mara mbili, na ndani ya helmeti upepo peke yake kwenye barabara kuu unatosha kukuharibu masikio. Vaa viziba masikio hata na silensa ya asili, ukiwa na hii ndio usiulize. Wakaguzi wanaopima kelele pikipiki ikiwa imesimama wanaweka maiki nusu mita kutoka mdomo wa bomba kwa pembe ya digrii 45, na bila bafli usitegemee kupita popote.

Kuna wale wa "kelele zinaokoa maisha". Mimi siwaamini sana. Mdomo wa bomba unaangalia nyuma. Utafiti wa 1981 wa Harry Hurt, mtafiti wa ajali za pikipiki, uliochunguza ajali kama 900 za pikipiki kule Los Angeles, ulikuta sehemu kubwa sana ya hatari inatokea mbele ya dereva, gari linakukatia njia. Yule wa mbele vioo kafunga na redio kawasha, anayekusikia vizuri ni jirani yako saa kumi na moja asubuhi.

Kwa hiyo bafli iko ndani na inabaki ndani. Nyuma yake kuna pamba ya kioo, na hiyo pamba inaungua taratibu, utajua imekwisha pale mlio unapokuwa mkali wa bati badala ya mzito. Inabadilishwa, hakikisha tu silensa unayonunua kifuniko chake kimefungwa kwa bolti au riveti na sio kimechomelewa. Bolti za shingoni nazo zibane upya injini ikiwa baridi baada ya safari za mwanzo, zangu zililegea zote, mbili zikawa zinazunguka kwa vidole.

Na zile silensa nne za asili, hata kama zina kutu, usimpe mtu wa vyuma chakavu. Mwaga oili ndani, ziba midomo, weka juu ya dari. Za kiwandani zilizo nzima ni shida kupatikana, na siku utakapotaka kuuza CB750 yako mnunuzi wa maana atauliza ziko wapi kabla hajauliza kama inawaka.