Kaseti 23, flashi moja: fundi wa Kariakoo anayesikiliza hadi mwisho

Kama una kaseti za zamani ndani na redio ya kuzipigia ilishakufa, mpelekee huyu mzee. Duka lake halina bango. Ingia Mtaa wa Aggrey, waulize vijana wanaouza makava ya simu "fundi wa kaseti yuko wapi", watakuonyesha ngazi. Ni ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha moja, feni, deki tatu na kompyuta. Bei yake ni 5,000 kwa kaseti ya dakika 60 na 7,000 kwa ya dakika 90, flashi unakwenda nayo mwenyewe. Nilikuwa na kaseti 23 kwenye katoni ya biskuti. Jumla ikaja 131,000, nikatanguliza nusu. Risiti ni karatasi ya daftari, lakini ameandika kila kaseti na hali aliyoikuta nayo.

Nimeshapeleka kaseti mahali pengine nikarudishiwa mafaili yanayosikika kama mtu anaimba ndani ya ndoo, kwa hiyo safari hii nilikaa nimtazame. Anachukua kaseti, anaitikisa sikioni, kisha anainusa. Joto na unyevu wa Dar hukaa kwenye utepe, na zile zenye ukungu mweupe pembeni alizitenga zisije zikachafua deki. Tano zilikuwa zimeng'oka kile kisponji kidogo kinachokandamiza utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe. Akabandika vingine, alivyovitoa kwenye kaseti zilizokufa. Akasafisha hedi kwa spiriti na pamba ya masikio mpaka pamba ikatoka nyeupe. Halafu akafanya jambo ambalo sijamwona fundi mwingine akilifanya: alishika bisibisi nyembamba, akawa anageuza kiskurubu cha pembeni ya hedi kidogo kidogo huku muziki unacheza, sikio lipo kwenye spika, mpaka matoazi yakafunguka. Ghafla gitaa la solo likatoka mbele. Mwili wangu ulijua wimbo kabla mimi sijaukumbuka.

Kaseti ya saa moja anaihamisha kwa saa moja, na muda wote anaisikiliza. Ndiyo maana aliniambia wiki mbili zikawa tatu na siku mbili. Ukiwa na haraka ya shughuli, hesabu hilo mapema.

Tulipofika kwenye zile tisa za Koffi Olomide, yule mwanamuziki wa Kongo, alisimama. Alishika moja, akasoma mwandiko wangu wa usichana, akaniuliza, "Mwanangu, huyu naye tumhamishe?"

Aliuliza kwa upole, na nilijua anauliza nini. Wote tuliiona video ya Julai 2016, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta Nairobi, Koffi anamrushia teke mnenguaji wake mbele ya watu. Kwanza alisema alikuwa anawalinda wanenguaji wake, baadaye akaomba radhi. Wakenya walimrudisha Kinshasa kabla hajapiga onyesho. Miaka minne kabla ya hapo mahakama ya Kinshasa ilikuwa imempa kifungo cha miezi mitatu kilichoahirishwa kwa kumpiga prodyuza wake. Na Desemba 2021, mahakama ya rufaa ya Versailles, Ufaransa, ilimtia hatiani kwa kuwazuia wanenguaji wake wanne wa zamani bila hiari yao, kifungo cha miezi 18, nacho kimeahirishwa. Mashtaka ya udhalilishaji wa kingono hayakumtia hatiani kwenye rufaa hiyo, na yeye amekana yote tangu mwanzo. Wale wanawake walieleza mambo ya kati ya 2002 na 2006, kwenye nyumba za pembezoni mwa Paris.

Hiyo miaka ndiyo inayonikaba. Mimi nilikuwa mnenguaji. Kuanzia 2000 hadi 2005 nilipanda stejini na bendi moja ya dansi hapa Dar, jina lake na la kiongozi wake sitayaandika. Koffi alikuwa darasa letu. Albamu yake ya Effrakata ilipotoka 2001 tulikaa nayo mchana kutwa, tunarudisha utepe kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri, tunaiba hatua moja moja. Affaire d'État ilipotoka 2003 tukafanya hivyo hivyo. Wakati naurudisha utepe ule Kinondoni nijifunze kuzungusha kiuno kama wasichana wa Quartier Latin, bendi ya Koffi, wanawake waliokuja kusimama mahakamani walikuwa wanaishi yale waliyoyasimulia. Sikuwa na njia ya kujua. Lakini yale mambo ya hapa kwetu niliyajua, kwa sababu nilikuwemo.

Ukisikiliza Koffi kwa makini utasikia majina. Wacongo wanaita kutupa libanga: mwimbaji anataja matajiri, wafanyabiashara, wakubwa waliomfadhili, jina baada ya jina, pale sebene, kile kipande cha gitaa cha kuchezea, linapochanganya. Bendi zetu ziliiga hilo pia, mtu akitoa hela anatajwa. Nimehesabu kwenye kaseti moja tu majina zaidi ya 20, na nayafahamu kwa moyo majina ya watu wa Kinshasa na Paris ambao sitakutana nao maisha yangu yote. Mnenguaji hatajwi. Kile kiuno kinachouza video na kujaza ukumbi hakina jina. Hata sisi tuliokuwa tunawaiga hatukujua wanaitwa nani. Nilipoona majina ya wanenguaji yanasomwa kwenye habari za kesi nilijisikia vibaya sana, kwamba ilibidi wafike mahakamani ndipo waitwe.

Wapo wanaosema tumwachie muziki wake, mambo mengine ni yake na mahakama. Siwezi. Ule muziki ulitengenezwa na miili ya wale wanawake pia, huwezi kuutenga na walivyotendewa. Wapo wanaosema tutupe kaseti zote. Hilo nalo siliwezi, kwa sababu nikizitupa nawatupa na wao, na ninajitupa na mimi. Mwaka 2020 alipoimba na Diamond kwenye Waah! mtaa mzima ulicheza na mimi nikacheza jikoni, nikasimama katikati, nikaendelea kukaanga samaki. Sijapata jibu safi. Nilimwambia mzee ahamishe zote tisa.

Wiki ya pili akanipigia. "Kuna kaseti moja sijui niikate au niiache. Njoo uisikilize mwenyewe."

Ilikuwa TDK ya dakika 60. Upande A, nakala ya Effrakata. Upande B nilikuwa nimeshausahau: mazoezi yetu ya mchana, nimeweka redio kaseti juu ya kiti nirekodi. Unasikia miguu kwenye sakafu ya saruji, unasikia mtu anahesabu. Dakika ya 17 gitaa linakatika. Kiongozi anauliza nani amekosea. Kimya. Halafu kinasikika kibao, kikavu, na mtu anavuta pumzi. Halafu sauti ya kiongozi: "Tuanze tena." Gitaa linaanza, na miguu yote inaanza.

Aliyepigwa siye mimi. Mimi nilikuwa wa pili kutoka kushoto. Nilicheza.

Mzee alizima spika, akanisogezea kiti na maji. Hakunihubiria. Aliniambia tu, "Kazi yangu ni kuhamisha. Kukata ni uamuzi wako." Nikamwambia aache kama ilivyo, na mvumo wa utepe asiusafishe. Akaniuliza yule binti aliitwa nani. Nikamtajia, na wengine watatu tuliokuwa nao mstari ule. Aliyaandika majina yote manne kwenye jina la faili, herufi kwa herufi, akaniuliza kama moja linaandikwa kwa "s" au "z".

Kwa kazi yenyewe: sauti ni nzuri kuliko nilivyotegemea, kila kaseti ina folda yake, pande A na B zimetengwa. Mafaili mawili yalibadilishana pande, nikarudi, akayarekebisha hapo hapo bila kunidai. Kaseti mbili zilishindikana, ukungu ulikuwa umekula utepe, na hakunitoza. Alinipa nakala mbili, moja nzito ya kuhifadhi na moja nyepesi ya kuchezea kwenye simu. Ngazi hazina taa, kwa hiyo mpelekee mchana, na kama unampeleka mzazi mwenye magoti mabovu mwache chini wewe upande. Jumapili hafungui.

Aliyepigwa siku hizi anauza vitenge Tanga. Kabla ya kumtumia faili nilimpigia, nikamweleza kilichomo, nikamuuliza kama analitaka. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Akasema nimtumie, ila nianze na upande A.