Filamu mbele, seramiki kwingine: uzoefu wangu wa miezi 14 na rangi ya RAV4 mpya

Gari ni Toyota RAV4 ya kijivu kilichokolea, kodi (yaani namba) ya rangi 1G3, lililochukuliwa kwa wakala likiwa ziro kilomita. Linatumika Dar es Salaam kila siku, linalala chini ya banda la mabati, na mara moja au mbili kwa mwezi linapanda Morogoro au Dodoma. Mpaka sasa limetembea kilomita 23,000. Sehemu za mbele nilibandika filamu ya kulinda rangi, ile karatasi ya plastiki inayoonyesha chini, na bodi iliyobaki nikaipaka seramiki, dawa ya maji inayokauka ikawa utando mgumu juu ya rangi, mikono miwili. Ni vitu viwili tofauti kabisa, ila wauzaji wengi hupenda kuvizungumzia kana kwamba ni kimoja, kwa hiyo kila kimoja nakipima peke yake.

Kwanza vipimo, maana bila vipimo utauziwa maneno. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha prima (rangi ya msingi), rangi yenyewe na klia ya juu isiyo na rangi, ina unene wa mikroni 100 hadi 140 hivi. Klia peke yake ni 35 hadi 50. Unywele wa mtu ni kama 70. Kile kinachong'aa na kuzuia jua lisile rangi ni chembamba kuliko unywele, na kila fundi anapopiga kampaundi kuondoa mikwaruzo anakula mikroni kadhaa humo humo. Filamu niliyobandika ina mikroni 200. Seramiki ikishakauka haifiki hata mikroni 2. Sasa atakayekwambia seramiki inazuia jiwe la lori, muulize inazuiaje.

Filamu inakaa bampa ya mbele, boneti nzima, fenda mbili za mbele, migongo ya saiti mira, taa kubwa, vibonde vya nyuma ya vitasa ambako kucha na pete hukwaruza, na ukanda wa juu ya bampa ya nyuma mnapoburuzwa mabegi na magunia. Maduka mengine hubandika nusu ya boneti ili kupunguza bei. Usikubali, hasa kwa gari la rangi iliyokolea: mstari unapoishia filamu hukusanya vumbi na shampuu, na baada ya miezi michache unauona kuanzia ng'ambo ya barabara.

Kwa mawe, filamu imefanya kazi yake bila ubishi. Barabara ya Morogoro ina malori mengi na pembeni pana changarawe. Ukimfuata mtu kwa karibu unasikia mlio kwenye bampa. Kwenye boneti nimehesabu alama 5 ndogo zilizobonyea kwenye filamu, na rangi ya chini iko salama. Kwenye bampa jiwe moja lilitoboa kabisa, tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Mikwaruzo ya juu juu hupotea yenyewe gari likikaa juani, au ukimwagia maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 70. Hilo si uchawi: filamu hii ni ya TPU, plastiki inayorudi umbo lake ikipata joto. Lakini mkwaruzo uliokata filamu, ule ambao kucha inanasa ukipitisha kidole, haurudi hata uchemshe birika zima.

Pembe za bampa nazo zimelipa gharama yake. Kwenye foleni bodaboda hupenya kati ya magari, na usukani wake au mzigo uliofungwa nyuma hufagia saiti mira na kona ya bampa. Mikwaruzo mitatu ya namna hiyo imeishia kwenye filamu.

Ubaya wa filamu uko kwenye ubandikaji. Kazi inayofanywa vizuri huchukua siku mbili kwa upande wa mbele tu. Gari huoshwa, husuguliwa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, hufutwa kwa alkoholi, ndipo rangi hupuliziwa maji yenye matone machache ya shampuu ya mtoto ili filamu iteleze mpaka ikae mahali pake. Ikishakaa, pembeni hupuliziwa maji yenye alkoholi kidogo ili gundi ishike, kisha maji yote husukumwa nje kwa kibao cha mpira, kuanzia katikati kwenda ukingoni. Vimalengelenge vya maji vilivyobaki hukauka vyenyewe ndani ya wiki mbili au tatu, usivitoboe. Ila ukiona kinundu chenye punje katikati, hilo ni vumbi, halitaondoka. Kwangu yalibaki mawili kwenye boneti. Chumba kilikuwa na feni inayopuliza na mlango wazi, na kwa Dar hiyo ni sawa na kumwaga vumbi kwa mkono.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwezi wa tatu ukingo ulianza kunyanyuka kwenye kona ya bampa, karibu na taa ya ukungu. Sababu ni mbili: filamu ilivutwa sana ili ifuate mkunjo, kwa hiyo muda wote inataka kurudi ilikotoka, halafu ukingo haukukunjwa kuingia ndani, ulikatwa usawa wa bampa. Pampu ya presha ikamalizia. Duka lilipasha moto likabandika upya, baada ya wiki ukanyanyuka tena, na mwishowe tukakubaliana kukata milimita 4 zilizoshika uchafu. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza maswali mawili: kingo zinakunjwa ndani au zinakatwa juu? Vipande vinakatwa kwa mashine kabla ya kubandikwa, au kwa wembe juu ya gari? Fundi hodari anaweza kukata juu ya gari asiguse rangi, lakini wembe ukipita kwenye klia hutajua mpaka siku ya kubandua.

Halafu kuna filamu feki, au tuseme filamu ya kitu kingine. Sokoni zimo za PVC zinazouzwa kwa jina lile lile. Omba kipande kilichobaki, kivute: TPU inanyooka kama mpira na kurudi polepole, PVC inakuwa ngumu, ikinyooka inabaki na mikunjo meupe. Kikwaruze kidogo kwa brashi ya waya wa shaba, kimwagie maji ya moto. Kisipojirekebisha, ondoka. PVC kwenye jua la pwani hugeuka njano mapema, ikakakamaa, na kuibandua ni kazi ya kupasua vipande vya ukubwa wa kucha.

Nani asibandike? Gari lililopakwa rangi upya mtaani. Kipimo cha unene kikisoma zaidi ya mikroni 200 kwenye mlango mmoja wakati mingine inasoma 110, mlango huo umepakwa, na siku ya kubandua filamu inaweza kuondoka na rangi. Tahadhari pia kwa Toyota nyeupe za kodi 040 na 070 za miaka ya nyuma: nchini Marekani Toyota ilirefusha udhamini wa baadhi ya modeli zenye kodi hizo kwa sababu jua lilidhoofisha mshiko wa rangi kwenye bati, ikawa inabanduka vipande. Kwa rangi inayobanduka yenyewe, gundi ni ya kumalizia tu. Kodi utaiona kwenye kibati kilichopo nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, kutegemea modeli.

Sasa seramiki. Naipa alama 3 kati ya 5, na zingekuwa 4 isingekuwa ile "9H" iliyoandikwa kwenye kila chupa. 9H ni kipimo cha penseli: risasi za ugumu tofauti hukwaruzwa juu ya rangi, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye seti. Mchanga hautumii penseli. Punje ya mchanga iliyobaki kwenye kitambaa itachora seramiki na klia kwa pamoja, na mlango utaona vile viduara kama utando wa buibui ukimulikwa na taa ya sheli usiku.

Inachofanya kweli ni kurahisisha kuosha. Tope la masika linateleza kwa maji tu, mafuta ya barabarani hayashiki, na kinyesi cha kunguru kinakupa muda zaidi. Zaidi, si mwingi. Kinyesi kwenye boneti ya moto huchimba klia, seramiki iwepo isiwepo, na kosa la watu wengi ni kukifuta kikiwa kikavu. Ndani mna mbegu na mchanga. Lowesha tishu, iweke juu dakika 5, kisha inua usiburuze. Utomvu wa mwembe ni hivyo hivyo, ila huo unataka alkoholi kidogo kwenye kitambaa.

Kuipaka mwenyewe inawezekana. Chupa ya mililita 30 ilitosha mkono mmoja kwa bodi isiyo na filamu. Kinachoharibu kazi ni maandalizi. Hata gari jipya kutoka kwa wakala lina viduara, kwa sababu likiwa yadi lilifutwa vumbi kwa kitambaa kikavu, na seramiki hufungia kasoro hizo ndani. Osha, pulizia dawa ya kuyeyusha vumbi la chuma la breki (inageuka zambarau inapolikuta), suuza, pitisha udongo kwa ulaini, piga polishi nyembamba palipo na viduara, halafu futa kila paneli kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ya betri. Maji, jamani, si asidi.

Paka eneo la sentimita 50 kwa 50, mistari ya wima kisha ya mlalo. Maelekezo ya chupa yangu yalisema subiri dakika 2 hadi 3 kabla ya kufuta. Hiyo ni kwa nyuzi 20. Dar, kwa nyuzi 31 na unyevu wetu, nilipata sekunde 40 hivi. Ukichelewa inakuwa kama gundi na inaacha madoa meusi yenye rangi za upinde wa mvua. Ukiyaona ndani ya saa moja, paka tone jipya juu yake na ufute mara moja. Ukiyaona kesho, ni polishi tu. Fanya kazi saa 12 asubuhi, kivulini, bati likiwa baridi. Kisha gari lisiguse maji saa 24, na shampuu isubiri siku 7.

Tatizo ambalo sikuliona kwenye matangazo ni maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Juu ya seramiki maji hukaa kama shanga, na shanga ikikauka juani inaacha duara jeupe la chumvi, baya kuliko kwenye rangi tupu ambako maji yangetandaa. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huyeyusha madoa mapya. Iache dakika 2, suuza sana. Dawa halisi ni kukausha gari mara tu baada ya kusuuza.

Lakini hakuna kati ya vyote hivi kinachookoa rangi ukilipeleka gari kwenye uoshaji wa barabarani wenye ndoo moja. Sponji inayotoka kwenye rimu inapanda boneti, sabuni ni ya unga, na kitambaa cha kukaushia kimeanguka chini mara tatu tangu asubuhi. Mimi nimewaachia waoshaji kazi moja tu: kumwaga maji ya presha, bomba likiwa mbali na kingo za filamu angalau nusu mita. Kinachobaki ni ndoo mbili za lita 20, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glovu ya maikrofaiba, na ya tatu ndogo ya rimu yenye brashi yake. Anza na rimu, kisha paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, malizia na chini kabisa. Glovu ikianguka chini, imestaafu, itumie kwenye matairi. Dasta ya manyoya usiwe nayo kabisa. Na kava la gari juu ya gari lenye vumbi ni msasa unaosukumwa na upepo. Kama huna muda wa kuosha kwanza, liache gari wazi.

Nilichokosea ni kuacha ukanda wa chini ya milango na nyuma ya matairi bila filamu. Matairi ya mbele hurusha changarawe huko kila siku, na ndiko kuliko na vidonda 11 vilivyofika kwenye prima. Vyote nimeviziba kwa rangi ya kichupa: safisha kidonda kwa alkoholi, chovya ncha ya kijiti cha meno, jaza tone dogo, subiri likauke, ongeza la pili, kesho yake weka klia. Tumia kijiti, kwa sababu brashi inayokuja na kifuniko ni pana kuliko kidonda. Kichupa kitunze ndani ya nyumba; kwenye dashibodi, kwa jua hili, baada ya mwezi utakuta kimeganda.