TAHADHARI: Anayeuza matanga yaliyotumika kwa vipimo vya jedwali

Wenye boti za matanga, kaeni macho. Kuna jamaa anauza matanga yaliyotumika kwa boti za safari za pwani, zile za futi 25 hadi 35. Bei zake zinavutia, anajibu upesi, na ukimwuliza vipimo anakutumia jedwali safi kabisa. Mtego uko hapo hapo: vipimo vile ni vya boti, si vya tanga analokuuzia.

Rafiki yangu aliagiza kwake tanga kuu na kulipa arbuni nono. Kwenye boti yake, kimo cha kupandishia tanga mlingotini, ambacho washonaji wa matanga hukiandika P, ni mita 10.7. Urefu wa kufuata mti wa chini, ule mti wa kulala unaoshika ukingo wa chini wa tanga, yaani E, ni mita 3.5. Tangazo lilidai tanga lina mita za mraba 27. Haya, zidisha hizo mbili ugawe kwa mbili: unapata 18.7. Ukingo wa nyuma ukitunishwa huongeza kama sehemu moja ya kumi, basi tuseme 21 kwa ukarimu. 27 imetoka wapi? Alipobanwa alisema amejumlisha na tanga la mbele, kisha tangazo likafutwa.

Mzigo ulipofika tulilitandaza sakafuni tukapima wenyewe. Ukingo wa mbele: mita 11.2. Nusu mita ya ziada si jambo dogo. Unavuta henza, kamba ya kupandishia tanga, mpaka kichwa cha tanga kinagota juu ya mlingoti, na bado tanga limelegea na kujaa mikunjo, mti wa chini unaning'inia usawa wa vichwa vya watu. Kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kupindapinda, kwa tanga la namna hiyo ni kujitesa bure. Kwenye pembe ya chini palikuwa pamekatwa na kushonwa upya, uzi mweupe pe juu ya kitambaa kilichopauka. Na namba ya tanga ilikuwa imebanduliwa, alama zake zikibaki kama kivuli. Mwenye mali halali anabandua namba ya nini?

Kwenye tanga la mbele ana ujanja mwingine. "Asilimia 150" maana yake ni kwamba umbali wa kutoka pembe ya demani (pembe ya nyuma inayofungwa kamba ya kuongozea tanga) hadi ukingo wa mbele, ukipimwa kwa pembe mraba, ni mara 1.5 ya J, yaani nafasi kati ya mlingoti na kamba ya omo, ile inayoushikilia mlingoti kwa mbele. Yeye anapima ukingo wa chini, ambao siku zote ni mrefu zaidi, halafu anaiita hiyo 150.

Msikubali pia kauli yake kwamba jina la aina ya boti linatosha. Catalina 30 ya Marekani, kwa mfano, ilitengenezwa kwa mlingoti wa kawaida na kwa mlingoti mrefu pia. Tanga la huu haliuenei ule.

Kilichonikera kuliko yote ni tanga kukosa safu ya pili ya kupunguzia, yaani matundu ya kukunjia na kufungia sehemu ya tanga upepo ukizidi. Eti iliondolewa ili liwe jepesi! Upepo ukipanda kutoka noti (maili za baharini kwa saa) 10 hadi 20, nguvu yake kwenye tanga huwa mara nne. Hapo mkuku (uti wa chini wa boti) na farumi (uzito wa kuituliza) vitakusaidia kiasi tu. Ukishindwa kupunguza tanga, boti inalala ubavu na usukani haushiki.

Arbuni haijarudi. Akaunti yake imefungwa, ila picha zile zile zimeibuka kwa jina jingine: tanga la rangi ya maziwa, utepe wa njano wa kupimia, na mwanzo wa utepe umefichwa chini ya mkunjo wa kitambaa. Mkiziona, dai picha ya mwanzo wa utepe, ya kingo zote tatu na ya kila pembe. Akisema tuma hela kwanza, usitume.