Fahali wa jirani, mrija wa Kabete au mbegu za majike: uzoefu wangu wa kupandisha ng'ombe Kisauni

Nafuga ng'ombe wa maziwa Mwakirunge, Kisauni. Wanakaa bandani, majani wanaletewa. Si wengi, wanatosha kunywesha wateja wa mtaani, mama mmoja mpishi wa mahamri na kibanda cha chai. Ng'ombe wa kununua siwataki tena, kwa sababu anayeuzwa mnadani mara nyingi ana sababu ya kuuzwa. Kwa hivyo kila mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa bado) ninayemtegemea lazima azaliwe hapa hapa, na huduma ninayoichagua kwa uangalifu kuliko zote ni ya kupandisha.

Nimeshapandisha kwa fahali wa jirani, kwa mrija wa kawaida wa mbegu za fahali zilizogandishwa, na kwa hizi mbegu za majike, zilizochujwa ili ndama awe jike, zinazosifiwa sana siku hizi. Nitazieleza kama nilivyozikuta, na jibu langu nalitoa mapema ili anayesoma kwa haraka asihangaike: kwa joto la Mombasa, damu, yaani aina ya ng'ombe, unayoichanganya ina uzito kuliko njia unayoitumia kuipandikiza. Mhudumu asiyekuuliza ng'ombe wako ni wa damu gani, huyo anauza mirija tu.

Nianze na fahali. Jirani yangu, mzee wa makamo, ana fahali mkubwa mwenye nundu na ukoo wa Friesian, wale weusi na weupe wa maziwa, ndani yake, na bei yake ni ndogo kuliko ya mtu yeyote. Nilipomwendea mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, fahali hakosei saa." Ni kweli. Ng'ombe wa hapa pwani, hasa wa damu ya zebu, wale wenye nundu, joto lake, ile hali ya kutaka dume, ni fupi na la kimya, na mara nyingi huja usiku kukiwa na ubaridi kidogo. Fahali hulinusa mwenyewe bila kuambiwa. Binadamu anayelala hulikosa, kisha husubiri siku 21 nyingine, analisha ng'ombe asiye na mimba.

Lakini miaka kadhaa baadaye nilimpeleka mtamba na nikamwuliza, "Mzee, shikamoo, baba ya huyu ni nani?" Akacheka, akamwangalia fahali wake. Baba alikuwa yeye yeye. Mtamba hufikia umri wa kupandishwa akiwa karibu na miaka miwili au zaidi kidogo, kwa hivyo fahali anayekaa kijiji kimoja kwa muda mrefu huishia kwa mabinti zake, na hapo ndama hudhoofika bila mtu kujua kwa nini. Halafu kuna magonjwa. Fahali anayezunguka kutoka boma hadi boma anaweza kubeba brusela, ile ya kutupa mimba, ambayo humpata hata binadamu anayekunywa maziwa mabichi. Anaweza pia kubeba vimelea visivyomsumbua yeye lakini vinavyowaacha ng'ombe majike wakirudi joto kila mara, yaani hawashiki mimba. Na kumfuga wangu mwenyewe haina maana: fahali mmoja mzima anaweza kuhudumia ng'ombe ishirini na zaidi, na anakula mwaka mzima. Mimi nitakuwa namlisha akae.

Mrija sasa. Mhudumu ninayemtumia sote tunamwita daktari, ingawa yeye mwenyewe husahihisha kwamba ni mhamilishaji, mtu wa kupandisha kwa mrija. Amesajiliwa na KVB, bodi ya madaktari wa mifugo, na kadi yake aliionyesha bila kuombwa mara mbili. Mirija mingi anayobeba inatoka KAGRC, kituo cha serikali cha mbegu za mifugo huko Kabete kilichoanzishwa mwaka 1946. Zamani huduma hii iliendeshwa na serikali kwa bei ya chini, hadi miaka ya 1990 ilipoachiwa watu binafsi, na tangu hapo unapata ubora wa mtu unayemwita.

Nilimpenda kwa sababu ya mambo ambayo huyaoni kwenye bango. Akifika, kwanza hufungua chombo chake cha gesi, unaona moshi mzito wa naitrojeni ukitoka. Mbegu hukaa humo kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na chombo kikikauka, mrija ni maji tu. Kisha hupima maji ya uvuguvugu kwa kipimajoto, nyuzi 35 hadi 37, huutia mrija kwa karibu nusu dakika, huufuta ukauke kabisa, na huukinga na jua kwa mwili wake. Mbegu hazipendi maji wala jua. Kabla ya kuingiza husoma kwa sauti jina la fahali, namba na aina, kwa sababu vyote vimechapwa kwenye mrija. Mrija mtupu nauchukua mimi. Nimeubandika kwenye daftari kando ya jina la ng'ombe na tarehe, na hiyo ndiyo stakabadhi ninayoiamini kuliko karatasi.

Kabla yake kulikuwa na mwingine, simtaji. Alikuja bila kipimajoto, akauyeyusha mrija kwa kuusugua viganjani, akasema ndivyo wanavyofanya wote. Kila aliyemuuliza alimuuzia Friesian. Ng'ombe alirudi joto, na alipopigiwa simu alisema ng'ombe ndiye mwenye kasoro.

Kuhusu saa, daktari wangu ni mkali kuliko mimi. Akiona dalili zimeonekana asubuhi, atakuja jioni. Zikionekana jioni, atakuja asubuhi ya pili. Dalili anazozitaka ni ng'ombe kusimama tuli anapopandwa na mwenzake, na ute mwangavu unaovutika kama uzi. Kulia na kupunguza maziwa havimtoshi. Nilipompigia siku moja kwamba nimeona damu kidogo mkiani, aliniambia, "Joto limeshapita, dada, weka tarehe, tutaonana wiki tatu zijazo." Angeweza kuja, kupandisha na kuchukua pesa. Hakuja. Hilo kwangu lina thamani kubwa. Tangu hapo kijana wangu huwazungukia ng'ombe baada ya swala ya alfajiri na tena baada ya isha, kwa sababu saa hizo ndizo wanazojionyesha.

Bei zake: mrija wa fahali wa nchini nililipa shilingi 2,000 pamoja na nauli ya pikipiki, wa kutoka nje 4,500. Mimba hupima kwa mkono baada ya miezi miwili hadi mitatu, kwa malipo madogo ya ziada. Ng'ombe akirudi joto, hamchaji mteja nauli ya pili, mrija tu.

Kasoro anazo. Ijumaa kati ya saa sita na saa tisa usimtafute. Foleni ya Kongowea ikimshika, atakuambia yuko njiani hadi jua lizame. Lakini kubwa zaidi ni kwamba mbegu za Sahiwal, aina inayostahimili joto, hana kila siku, lazima uagize mapema, wakati Friesian imejaa chomboni.

Na hapa ndipo nina maneno. Kila mfugaji mpya wa Mombasa anataka yule mweusi na mweupe kwa sababu ameona picha za ndoo zilizojaa. Friesian wa Nyandarua anakula majani mabichi kwenye baridi. Mlete Bamburi mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukivuma, mvua hakuna lakini unyevu umetanda, utamwona anahema mdomo wazi, hali chakula, na joto lake la uzazi halionekani. Hata akishika mimba, kiinitete hufa mapema kwa sababu mwili umechemka. Juu yake weka kupe na ndigana kali, homa wanayoileta, na ndorobo (mbung'o) wenye kuleta nagana, malale ya ng'ombe, kwa wanaoishi karibu na vichaka. Ng'ombe wa namna hii anaweza kuishi pwani, lakini anahitaji feni, maji ya kumwagiwa na daktari wa karibu, na mwenye feni hizo si mimi.

Sahiwal asili yake ni Punjab, mpakani mwa Pakistan na India, na hapa Kenya ana kundi la taifa Naivasha tangu 1962. Anastahimili joto, kupe hawamsumbui kama wanavyomsumbua Friesian, na maziwa yake yana mafuta. Peke yake hajazi ndoo. Ukimchanganya na Ayrshire, aina ya maziwa kutoka Ulaya, unapata ng'ombe mwenye mwili wa kubeba joto na kiwele cha kazi. Huu si ugunduzi wangu: shamba kubwa la maziwa la Kilifi Plantations lilichanganya Sahiwal na Ayrshire na Brown Swiss kwa miaka mingi, na watafiti wakalichunguza.

Watu hukwama kizazi cha pili. Umepata mtamba nusu kwa nusu, mzuri, anakamuliwa vizuri, sasa umpandishe nini? Ukiendelea na Ayrshire tu, mjukuu atakuwa na robo tatu, kisha zaidi, na utajikuta umerudi kwa ng'ombe anayehema Februari. Ukimrudishia Sahiwal tu, maziwa yanapungua. Mimi nabadilisha: mama akizaliwa na Ayrshire, anapandishwa Sahiwal, na binti yake Ayrshire tena. Kwa hesabu hiyo, baada ya vizazi vichache damu hutulia ikicheza karibu na theluthi moja na theluthi mbili. Daktari wangu ndiye aliyenichorea hili kwa kijiti mchangani, na ndiyo sababu ya kumpa nyota nne kati ya tano badala ya tatu. Ile ya tano ameipoteza kwa foleni na kwa kukosa Sahiwal siku niliyomhitaji.

Mitamba midogo naipandisha Jersey mara ya kwanza. Ndama wa Jersey ni mdogo, anatoka bila kuvutwa. Anayepandisha fahali wa nyama mkubwa kwa mtamba wa kwanza atamwita daktari saa nane usiku, na bei ya saa nane usiku haiko kwenye orodha.

Mbegu za majike nimezijaribu kwa shilingi 6,500 mrija. Zinachujwa ili karibu tisa kati ya kumi wawe majike, na kwangu waliozaliwa wamekuwa majike kasoro mmoja. Lakini ndani ya mrija mmoja mna mbegu chache sana kuliko kawaida, kwa hivyo saa ikipotea kidogo, mimba haishiki. Kwa mtamba mwenye afya, kipindi cha kusi, upepo unaoshusha joto, nazipenda. Kwa ng'ombe mkubwa aliyesharudi joto zaidi ya mara moja ni kutupa pesa, na mhudumu anayekusukuma uzinunue kwa ng'ombe wa namna hiyo hakutakii mema.

Tena sioni ndama dume kama hasara, kama wanavyomwona wa bara. Dume mwenye damu ya Sahiwal hunenepa, na Mombasa haikosi mnunuzi. Idd ya kuchinja, watu saba wanaweza kushirikiana ng'ombe mmoja, na wanapokuja kuangalia hawaulizi kama mama yake alikuwa na mrija wa shilingi ngapi.

Kuhusu msimu: nikiweza, napandisha Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma na joto limeshuka. Mimba ni miezi tisa na siku kadhaa, kwa hivyo ndama huja msimu wa masika, majani ya Napier yakianza kusimama, na mama anafikia kilele cha maziwa wakati chakula ni rahisi. Bei ya hilo ni kupe, ambao nao huzidi mvua zikianza, na ndama mdogo hana kinga. Kwa hivyo kuogesha au kupaka dawa hakungojwi hadi uwaone. Kuna watu waliniuliza kwa nini nisipange uzazi uangukie Ramadhani, wakati maziwa yananunuliwa bila kubishana bei. Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Ng'ombe hawezi kuifuata.

Chakula nitasema kidogo tu, kwa sababu hakuna mrija unaoshika kwa ng'ombe aliyekonda. Mbali na Napier nawapa majani ya lusina, ule mti wa malisho, mashudu ya nazi na chumvi ya madini. Baada ya kuzaa nangoja angalau siku 60 kabla ya kumpandisha tena, hata kama joto limekuja mapema na daktari yuko karibu.

Kwa walio Likoni, daktari wangu simshauri kwenu. Atavuka kivuko, ndiyo, na mirija itafika salama, lakini foleni ya feri haijali kwamba ng'ombe wako ana saa chache tu. Tafuteni mhamilishaji wa upande wenu au wa Kwale, mwombe kadi ya KVB, kipimajoto na Sahiwal. Akiwa na vyote vitatu, niandikieni anatoza kiasi gani.