Maktaba ya gcp-metadata kwenye Node.js: uzoefu wangu

Meneja wetu hapa Mombasa ana swali asilochoka kuuliza: data ya wateja iko wapi hasa? Haulizi kwa umbea. Mfumo wetu unafuatilia kontena za mawakala wa kutoa mizigo Kilindini, na ndani yake mna majina, namba za simu na pini za KRA za watu. Tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wateja wakubwa huja na fomu zenye swali hilo hilo, na wanataka jibu la maandishi. Zamani jibu letu lilitoka kwenye faili ya mipangilio iliyonakiliwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Faili ikisema Ubelgiji, mashine yenyewe iko Johannesburg, kwenye kanda ya africa-south1 ambayo Google ilifungua 2024.

Ndipo nikaanza kutumia gcp-metadata. Ni maktaba ndogo ya Node.js (mazingira ya kuendesha JavaScript kwenye seva), ya Google wenyewe, na kazi yake ni moja tu: kuuliza seva ya metadata, ile inayotunza taarifa kuhusu mashine yenyewe, "mimi ni nani na niko wapi" na kukuletea jibu. Kila mashine ya Google Cloud ina anwani 169.254.169.254 ya kuuliza mambo haya, yenye jina metadata.google.internal. Anwani hiyo haiingiliki kutoka nje. Unaweza kuiuliza kwa curl (amri ya kutuma maombi ya mtandao) bila maktaba yoyote, ila lazima ombi libebe kichwa (header) cha Metadata-Flavor: Google, la sivyo unakataliwa. Ombi lenye kichwa cha X-Forwarded-For nalo hukataliwa. Masharti hayo yana sababu: mtu akifaulu kuihadaa programu yako ifungue anwani anayoitaka yeye, isiwe rahisi hivyo kuchota tokeni, yaani funguo za muda, za akaunti ya huduma ambayo programu hujitambulisha nayo. Maktaba inakuwekea kichwa hicho yenyewe, na ombi likikwama inajaribu tena.

Kuitumia ni rahisi mno. Unaandika npm install gcp-metadata, kisha project('project-id') inakupa jina la mradi, instance('hostname') jina la mashine, na instance('service-accounts/default/email') inakwambia programu inajitambulisha kwa akaunti ipi. Hiyo ya mwisho imetutatulia ubishi mwingi. Mtu akilalamika kwamba programu haina ruhusa ya kusoma faili fulani, hatuanzi kukisia tena, tunaangalia akaunti inayotumika kweli.

Sasa kwenye zone, yaani kipande cha kanda ambamo mashine imewekwa. Ukiuliza instance('zone') hupati africa-south1-a kama unavyotarajia. Unapata njia nzima, projects/, namba ya mradi, /zones/, halafu ndipo africa-south1-a. Itabidi ukate mwenyewe uchukue kipande cha mwisho. Na ukitaka kanda, yaani region, kwenye mashine ya Compute Engine (huduma ya Google ya kukodi mashine nzima) hakuna kitu hicho, unaitoa ndani ya zone kwa mkono. Kwenye Cloud Run, huduma inayoendesha programu bila wewe kusimamia mashine, ipo, instance('region'), nayo pia huja na njia ndefu. Maktaba ya Google inayosoma seva ya Google ingeweza kutufanyia hesabu hiyo ndogo. Kwa hili naikata nyota moja, zimebaki nne.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo wameliwaza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kitambulisho cha mashine, instance('id'), ni nambari ndefu sana, tarakimu 19 kwa mashine zetu. JavaScript haiwezi kushika nambari nzima kwa uhakika kupita 9007199254740991. Ingesomwa kama nambari ya kawaida, tarakimu za mwisho zingegeuka sufuri bila kelele yoyote, na ungeitafuta mashine hiyo kwenye dashibodi usiione kamwe. Maktaba inalijua hilo, kwa hiyo nambari ikizidi kipimo inakurudishia kitu cha aina ya BigNumber. Nambari ndogo zinakuja kama kawaida. Wewe kumbuka tu kuita toString() kabla ya kuihifadhi, na usilinganishe mbili kwa ===, kwa sababu hapo unalinganisha vitu viwili tofauti hata kama nambari ndani ni ile ile. Sisi tunaigeuza maandishi palepale inapoingia na hatuifikirii tena.

Ukiuliza kitu kisichokuwepo, haikupi null (jibu tupu), inatupa hitilafu ya 404, yaani "hakipatikani". Mimi napenda hivyo. Programu ikifa asubuhi kwa sababu hatukuweka attributes/mazingira kwenye mashine mpya, ni afadhali kuliko iendelee kutuma ujumbe wa majaribio kwa mawakala halisi. Hizo attributes ni za kuweka unachotaka mwenyewe, lakini usithubutu kuweka nywila humo. Programu yoyote iliyo ndani ya mashine hiyo inaweza kuzisoma. Siri zina mahali pake, Secret Manager.

Kinachosumbua zaidi ni isAvailable(), ile ya kujua kama uko kwenye wingu la Google au la. Kwenye mashine ya wingu inajibu papo hapo. Kwenye laptopu ni bahati yako. Kijana mmoja wa timu aliniuliza, "Kaka, mbona programu nyumbani inaanza mara moja, hapa ofisini inaganda kwanza?" Jibu lilikuwa kwenye mtandao. Kwa kawaida maktaba inabisha hodi kwa ile anwani ya 169.254 na kwa lile jina, kisha inasubiri. Ruta ya nyumbani kwake ilikataa ombi mara moja, mambo yakaisha. Ngome ya mtandao (firewall) ya ofisi haikatai wala haijibu, inalimeza ombi kimya, basi unasubiri hadi sekunde 3 ziishe. Kwa seva inayowashwa mara moja kwa wiki si neno. Kwa mtu anayeiwasha upya kila akibadilisha mstari mmoja, ni adhabu.

Dawa ipo, ila imefichwa kwenye maelezo ya vigeu vya mazingira (environment variables) ambayo wengi hawafiki. Weka METADATA_SERVER_DETECTION=none kwenye laptopu na maktaba haitauliza mtandao kabisa. Kuna pia bios-only, ambayo badala ya kubisha hodi inakagua alama za mashine yenyewe, kwa mfano kama mtengenezaji wa BIOS, programu ya kwanza inayoamsha mashine, ni Google. Hiyo ya none tumeiweka kwenye faili ya .env ya kila mmoja wetu.

Ukitaka kujaribu msimbo unaotegemea metadata bila kulipia mashine, tumia GCE_METADATA_HOST, uielekeze kwenye seva bandia uliyoandika mwenyewe. Yetu ni ya mistari michache, inarudisha zone na jina la mradi tunalotaka. Kitu kimoja tu: seva yako bandia lazima nayo irudishe kichwa cha Metadata-Flavor: Google kwenye jibu, kwa sababu maktaba inakikagua na isipokiona inalitupa jibu zima, hata liwe sahihi namna gani. Ujumbe wa hitilafu unasema wazi kwamba ilitarajia 'Google', kwa hiyo usome wote kabla ya kuanza kuilaumu Docker, zana ya kuendeshea programu ndani ya vifurushi.