Micro Set na Micro Sol: Dawa Mbili za Stika Zilizojaribiwa kwenye Mabawa ya Tiger Moth

Tangu mwanzo wa masika hadi kipupwe kilipoingia nimekuwa nikizitumia chupa mbili za dawa ya stika zinazotengenezwa na Microscale ya Marekani, ile yenye lebo ya buluu iitwayo Micro Set na ile yenye lebo nyekundu iitwayo Micro Sol. Kazi niliyozipa ilikuwa ngumu: kuzilaza stika za maji juu ya mabawa ya modeli ya ndege ya Tiger Moth, iliyotoka kampuni ya Airfix kwa kipimo cha 1/48 (yaani urefu mmoja kwa arobaini na nane wa ndege halisi), nyumbani kwangu Kikwajuni, katika hewa ambayo chumvi iliyomo koponi hugeuka maji kabla ya adhuhuri. Naandika kwa ajili ya wenzangu wachache wa Unguja na Pemba wanaounda modeli za ndege, kwa sababu maelekezo mengi ya kazi hii yametoka kwa watu wa nchi za baridi, na baadhi ya mambo wanayoyapita haraka ndiyo hasa yanayoharibu kazi hapa kwetu.

Stika ya maji ni utando mwembamba uliochapwa rangi na kushikizwa kwenye karatasi kwa gundi inayoyeyuka majini. Ukiilowesha, utando huachana na karatasi yake na unaweza kuusogeza juu ya modeli hadi utulie mahali pake. Juu ya ndege ya kisasa yenye ubavu laini wa bati, shughuli hiyo si nzito. Juu ya ndege ya mabawa mawili, moja juu na jingine chini, mambo hubadilika, kwa kuwa bawa la ndege halisi lilikuwa kiunzi cha mbao kilichovishwa kitambaa, na kitambaa hicho kilipokazwa kwa dawa kilibonyea kidogo kati ya ubavu na ubavu wa kiunzi hicho. Watengenezaji wa modeli huziiga mbavu hizo kwenye plastiki. Stika iliyo bapa, ikiachwa kama ilivyo, huegemea vilele vya mbavu tu na kuacha hewa katika mabonde, na hewa hiyo ndiyo inayoleta ule weupe wa fedha unaomwambia kila mtazamaji kwamba alama ile imebandikwa na haikupakwa.

Kwa mtu wa mwambao huu ndege za aina hii si habari ya mbali. Mwezi wa Julai 1915 ndege za Henri Farman na Caudron ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia kwenda delta ya Rufiji ili kuelekeza mizinga ya meli za Kiingereza Severn na Mersey dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg, ile ile iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Katika miaka ya 1930 shirika la Wilson Airways la Nairobi lilileta abiria na barua hapa Unguja, na miongoni mwa ndege zake zilikuwamo Dragon Rapide za mabawa mawili, zenye herufi za usajili zilizoanza na VP-K. Natamani siku moja kuiunda mojawapo ya hizo, na nilipoanza kuzijaribu dawa hizi fikra yangu ilikuwa huko, maana herufi kubwa zinazotanda bawa zima huvuka mbavu nyingi kuliko duara lolote la kijeshi, ile alama ya taifa inayotiwa kwenye mabawa. Tiger Moth, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, ilikuwa shule yangu. Bawa lake halisi lina urefu wa mita 8.94 kutoka ncha hadi ncha, na katika kipimo hiki linabakia sentimita 18.6, kwa hiyo kosa la milimita moja huonekana kama kosa la sentimita tano.

Kabla ya kuzungumzia chupa zenyewe, lazima niseme habari ya maji na vanishi, kwa sababu mtu akikosea hapo hakuna dawa itakayomwokoa. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvichumvi, na yakikauka chini ya stika au pembeni mwake huacha ukungu mweupe ambao nilidhani kwa muda mrefu kuwa ni ubovu wa gundi. Nilipoanza kutumia maji ya betri yanayouzwa madukani, ambayo hayana madini, ukungu huo ulikoma. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja mbinguni, si yale yaliyopitia bati, nayo yamenifaa. Ama vanishi, rangi isiyong'ara ina vishimo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na hewa hujificha humo. Basi modeli ipakwe kwanza vanishi inayong'ara, na iachwe ikauke kwelikweli. Vitabu vya maelekezo husema siku moja. Wakati wa masika mimi husubiri siku tatu, nikiwa nimeifunika modeli kwa bakuli ili isiingie vumbi, na siku ambazo ukuta wenyewe unatoka jasho sipaki vanishi kabisa, kwa sababu unyevunyevu huigeuza kuwa na utusitusi.

Micro Set ndiyo inayotangulia. Harufu yake ni ya siki, na hapana ajabu, kwa kuwa asidi ya siki imo ndani yake. Hupakwa kwa brashi mahali stika itakapokaa, kabla stika haijafika, na hufanya mambo mawili kwa pamoja: huondoa mabaki ya mafuta ya vidole, na huulainisha kidogo upande wa chini wa utando ili ushike vizuri. Mimi huitumbukiza stika katika maji ya uvuguvugu kwa sekunde kumi na tano au ishirini, kisha huiweka juu ya karatasi ya shashi na kungoja iachie yenyewe. Kuiacha ikaogelea majini ni kosa, kwa sababu gundi yote huoshwa. Baada ya hapo huitelezesha juu ya Micro Set, na faida niliyoipenda zaidi ni kwamba dawa hii hunipa nafasi ya kuisogeza. Bila ya dawa, feni ikiwa inazunguka, stika ilikuwa ikinasa kabla sijaimaliza kuipima. Nikiwa na Micro Set napata muda wa kuliweka duara sawasawa na nguzo za mabawa. Ikishatulia, huyafyonza maji kwa ncha ya karatasi ya shashi, nikianzia katikati na kwenda nje.

Micro Sol ndiyo nguvu yenyewe, nayo yataka adabu. Hupakwa juu ya stika iliyokwisha kukaa mahali pake, na kazi yake ni kuulainisha utando wote mpaka uwe kama ngozi iliyolowa, ushuke kila bonde na kukipanda kila kilima. Katika dakika za mwanzo stika hukunjana vibaya sana. Mara ya kwanza nilipoiona hali hiyo juu ya bawa la juu, mkono wangu ulikuwa tayari umenyanyua brashi ili kuinyoosha, na mwana wa ndugu yangu, aliyekuwa akinisomea maelekezo, akanizuia: "Ami, usiiguse, imeandikwa hapa isiguswe." Niliiacha. Tuliswali alasiri, tukarudi, na duara la buluu na jekundu lilikuwa limelala juu ya mbavu kana kwamba limepakwa na fundi kiwandani, kila ubavu ukionekana chini yake. Ningaligusa, utando uliokwisha kulainika ungalipasuka, na kwa duara lisilo na akiba hiyo ndiyo hasara ya modeli nzima. Palipobakia kiputo kidogo nilikitoboa kwa ncha ya sindano, nikatia tone jingine la Micro Sol, nacho kikashuka.

Stika za Airfix zilizomo katika sanduku hili ni nyembamba na rangi zake zimekaa sawasawa, kwa hiyo tone moja au mawili yalitosha. Nilifanya jaribio la pili kwa makusudi, kwa stika nene za kampuni nyingine ambayo sitaitaja, zilizokaa kabatini mwangu miaka mingi. Hizo zilihitaji Micro Sol mara tano, na hata hivyo ukingo wake ulibaki ukionekana. Hiyo ni tabia ya utando mnene, na ziko dawa kali zaidi kwa ajili yake, lakini dawa kali huweza kuila rangi iliyo chini. Mimi naona upole wa Micro Sol ni sifa, hasa kwa mwanafunzi. Kwa vyovyote ijaribu kwanza juu ya kipande cha plastiki ulichokipaka rangi ile ile, kwa sababu baadhi ya rangi za maji hulainika zikiguswa nayo.

Mpangilio wa kazi kwenye ndege ya mabawa mawili nao unahitaji kufikiriwa mapema. Alama za ubavuni na za juu ya bawa la chini, pamoja na zile za upande wa chini wa bawa la juu kama zipo, zibandikwe kabla mabawa hayajaunganishwa, kwa sababu nguzo zikishasimama na nyaya zikishafungwa hapana mkono wala brashi itakayopita bila ya kuvunja kitu. Tiger Moth ina vibawa vya kugeuzia kwenye bawa la chini peke yake. Stika ikivuka mpaka wa kibawa, ngoja ikauke, ikate kwa wembe mpya kufuata mfereji ule, kisha tia Micro Sol kwenye mkato ili kingo mbili zishuke ndani. Na anayeunda Farman au Caudron aangalie mpango wa rangi za maduara: duara la Kiingereza lina buluu nje na jekundu katikati, la Kifaransa ni kinyume chake, na nimeona modeli nzuri zilizochanganya hayo mawili.

Ugumu mkubwa ni kuzipata. Sijaziona katika duka lolote hapa Unguja. Zangu aliniletea jamaa aliyekuwa akirudi safarini, na anayeagiza kwa posta ajue kwamba usafirishaji huweza kuzidi bei ya chupa. Chupa zenyewe ni ndogo, lakini Tiger Moth nzima haikupunguza hata robo ya Micro Sol. Kama uwezo ni wa chupa moja tu, nunua nyekundu. Kazi ya ile ya buluu unaweza kuikaribia kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya betri, nimejaribu na imekubali, ingawa haishiki vizuri kama Micro Set. Kwa nyekundu sikupata badala yoyote jikoni wala dukani.

Zifunge chupa kwa nguvu na uziweke mbali na dirisha la jua. Karatasi za stika ambazo hazijatumika zitie ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Zangu za Dragon Rapide zimo humo sasa, zikiningoja.