Perkins ya mkononi: kaandika "mama" ikatoka "kaka"

Mdogo wangu haoni tangu ana miaka minne, sasa yuko form two, na miaka yote alikuwa anaandikia kile kibao na kimsumari, unatoboa karatasi kinyumenyume toka kulia kwenda kushoto, ukitaka kusoma ulichoandika mpaka uitoe uigeuze. Mwaka jana nikajikaza nikamchukulia Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu, yale maandishi ya wasioona ya kupapasa, ya mkononi yaani iliyokwisha tumika, laki sita. Mpya acha tu, sikuthubutu.

Kwa asiyeijua, ina batani sita, moja kwa kila nukta kati ya zile sita zinazounda herufi, halafu katikati ya kuruka nafasi, na pembeni ya kurudi nyuma na ya kushuka mstari. Hubonyezi herufi mojamoja kama kompyuta, unabonyeza nukta zote za herufi kwa pamoja, na zinatokea juu ya karatasi hapohapo, kidole kinasoma bila kugeuza kitu. Mstari ukikaribia kuisha inalia kengele. Umeme haitaki. Aliyeibuni ni mwalimu wa ufundi pale shule ya Perkins Marekani, David Abraham, zikaanza kutoka 1951, na ile ya kawaida mpaka leo umbo ni lilelile, la chuma.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu. Kwa kibao, kujumlisha kwa kupanga namba juu na chini ilikuwa mateso, alikuwa anafanyia kichwani tu, sasa anazipanga anazipapasa anaona alipokosea, na mwalimu naye anaona njia sio jibu peke yake.

Sasa kero. Ni nzito, karibu kilo 5, mtoto wa kike akaibeba toka bweni mpaka darasani kila siku sio poa. Ina kelele, wenzie wakifanya mtihani inasikika ka-ka-ka darasa zima. Na karatasi! A4 ya kawaida nukta zinalala ukizipapasa mara mbili tatu, inataka karatasi ngumu, sisi tunakata manila, na daftari moja la mwenzie kwake linakuwa furushi. Ukikosea hakuna kufuta kwa maana ya kufuta, unaikandamiza nukta kwa kucha au unarudi nyuma unabonyeza zote sita basi.

Aliyeniuzia aliapa nzima kabisa. Siku ya kwanza mdogo wangu kaandika "mama", akapapasa, akacheka, "kaka imeandika kaka!" Nikajua ananitania. Kumbe batani ya nukta ya 4 ilikuwa haipigi, na m ukiitoa nukta ya 4 inabaki k. "Dada" nayo ikatoka "eaea". Nilivyompigia yule bwana simu ikawa haipatikani, mpaka leo. Nikazunguka nayo wiki mbili, kila fundi simu anaiangalia kama bomu, mwisho mzee mmoja wa taipureta ndio akaifungua, ndani uchafu na mafuta yameganda, akasafisha, elfu arobaini, ikapiga.

Mashine yenyewe naipa nne kwa tano, ile moja imeondoka na uzito. Muuzaji sifuri. Ukienda kununua ya mkononi nenda na mtu anayesoma nukta nundu kabisa, beba na manila yako, aandike "mama" na "dada" akiwa amekaa palepale dukani kabla hujatoa hata shilingi.